MAFUTA TULIKUWA NAYO, MAGADI JE?
Habari ya sabuni ya kupika nyumbani

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliweka picha ya vipande vya sabuni nilivyovipanga kwenye trei za mayai, mkaniuliza maswali mpaka nikashindwa kujibu mmoja mmoja. Unauza bei gani, unatumia mafuta gani, dada naomba fomula. Fomula nitawapa, ila mwishoni, na mkifika huko mtajua kwa nini sikuitanguliza. Leo nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, naanza kuwaandikia vipande vipande. Soma taratibu, usiruke.

Kwanza mjue siuzi. Mimi ni nesi, nina diploma yangu ya uuguzi na mshahara wangu naujua unavyokatika. Sabuni napika kwa kupenda tu, kama wenzangu wanavyofuma vitambaa au kupanda maua kwenye makopo ya rangi. Kilichoniingiza huko ni maji ya kisima. Mnaokaa Bunju mnanielewa. Bomba likikauka siku mbili tatu tunarudi kisimani, na kisima chetu kina chumvi. Unasugua sabuni ya mche kwenye nguo, povu hakuna, kinatoka kitu kama maziwa yaliyokatika, kinang'ang'ania kwenye beseni na kwenye kola ya shati. Sare yangu nyeupe ilikuwa inarudi na kijivu.

Nikasema ngoja nijipikie mwenyewe. Fomula niliitoa kwenye grupu la WhatsApp: mafuta vikombe sita, kostiki kikombe kimoja, maji vikombe viwili. Haikusema mafuta gani.

Mara ya kwanza nilimwaga kostiki kwenye maji ndani ya sufuria ya alumini. Jamani. Ilichemka bila moto, ikatoa povu jeusi na mvuke wa kukaba koo, na sufuria ikabaki na madoa ya vidundu kama imeugua tetekuwanga. Kostiki inakula alumini, hilo nililijua siku hiyo. Mara ya pili nikatumia ndoo ya plastiki na mafuta ya alizeti. Ikaganda vizuri, nikakata, nikafurahi, nikaiogea siku ya nne. Kesho yake kazini siwezi kuvaa glavu, ngozi ya vidole imepasuka kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi. Na nesi mwenye mikono iliyopasuka ni hatari kwa mgonjwa, maana wadudu wanajificha kwenye zile nyufa. Mara ya tatu nikaogopa, nikapunguza kostiki kwa kukadiria, nikatumia mawese. Ikabaki inateleza kama mlenda, na baada ya mwezi ikaanza kunuka mafuta yaliyochina.

Hapo ndo nikajiuliza swali lililonifanya niandike yote haya. Mimi nina intaneti, nina kikombe cha kupimia, nimesoma kemia ya kidato cha nne, na nimeharibu mara tatu. Bibi yangu wa Kigoma hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na sabuni alipika. Alifanyaje?

SEHEMU YA 2

Sabuni inataka vitu viwili tu. Mafuta, na kitu kikali cha kuyavunja. Maji yapo ili viwili hivyo vikutane. Kile kikali nitakiita magadi kwa jumla, iwe ni maji ya majivu, iwe ni magadi ya ziwani, iwe ni kostiki ya dukani. Vikishakutana vinabadilika kabisa: mafuta hayabaki mafuta, magadi hayabaki magadi, unapata sabuni na gliserini. Kama vipimo vimekaa sawa.

Neno lenyewe sabuni tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu walilipokea kutoka kwa waliokuwa wakisema kama Warumi, sapo. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Plinio, aliyeishi karne ya kwanza, aliandika kwamba sapo ni kitu cha watu wa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, wanachotengeneza kwa mafuta ya mnyama na majivu, tena cha kupaka nywele. Mkikutana na ile hadithi ya mlima Sapo huko Roma, ambako mafuta ya sadaka yalichuruzika na majivu mpaka mtoni na wafua nguo wakashangaa, ipitieni tu. Inasambaa sana lakini mlima huo haujawahi kuonekana.

Waarabu ndo walitupa pia neno la upande wa magadi. Majivu ya mimea ya pwani na jangwani waliyaita al-qali, na wanakemia wa dunia nzima mpaka leo wanasema alkali. (Msije mkanichanganyia na "kali" yetu ya pilipili, hiyo ni ya Kibantu, zimefanana kwa bahati.) Nablus na Aleppo walipika sabuni kwa mafuta ya zeituni na majivu hayo, lakini walikuwa na siri moja: walichanganya majivu na chokaa. Magadi peke yake ni mapole. Ukiyachanganya na chokaa na maji, chokaa inachukua sehemu yake na kutulia chini kama chaki, na juu yanabaki maji makali hasa. Hiyo ndo kostiki, kwa njia ya kizamani.

Sasa njoo kwetu. Mafuta? Nazi pwani yote, ufuta, mawese Kigoma, samli na mafuta ya ng'ombe bara. Chokaa? Watu wa huku Kunduchi wamechoma matumbawe kupata chokaa vizazi kwa vizazi, nyumba za mawe za pwani zote zimesimama kwa chokaa hiyo. Magadi? Yako Ziwa Natron na Ziwa Magadi, mbali bara, na watu waliyajua kwa maharage, makande na ugoro. Vitu vyote vipo, ila kila kimoja kimekaa kwake.

Bibi yeye hakuhitaji ziwa. Mama anasimulia hivi. Bibi alikusanya maganda ya ndizi na mashina ya migomba, akaanika, akachoma mpaka yakawa majivu meupe. Majivu akayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, akaweka nyasi kama chujio, akamwaga maji juu kidogo kidogo. Chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Yale ya kwanza ndo makali. Akachukua yai la kuku, akaliweka. Likizama, maji ni mapole, anayarudisha juu ya majivu mapya. Likielea na kuonyesha mgongo upana wa shilingi, maji yako tayari.

Huo ndo mzani wa bibi. Yai! Nilivyosikia nilicheka, halafu nikanyamaza. Yai linapima uzito wa maji, na uzito wa maji unasema ndani yake kuna magadi kiasi gani. Mimi na kikombe changu cha plastiki nilikuwa sipimi chochote, maana vipande vya kostiki vikikaa vibaya kwenye kikombe, uzito unabadilika kila ukichota.

Kisha akachemsha maji hayo na mawese, saa nyingi, akikoroga na kuonja kwa ncha ya ulimi. Ikiuma anaongeza mawese. Hapa napo kuna akili: alipika taratibu na kusahihisha njiani, wakati mimi nilimwaga mara moja na kusubiri miujiza. Kilichopatikana kilikuwa laini kama ugali wa moto, maana majivu ya mgomba yana potasi, na sabuni ya potasi haigandi. Akitaka igande alitia chumvi. Na chumvi ya Kigoma ni ya Uvinza, chemchemi ambazo watu wamekuwa wakizichemshia chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumvi ile inafukuza potasi, inakaa yenyewe mahali pake, sabuni inapanda juu na kuganda, maji machafu yanabaki chini. Viwandani wanafanya hivyo hivyo mpaka leo.

SEHEMU YA 3

Nimerudi. Jana niliwaacha Kigoma, leo tunaanzia Unguja halafu tunavuka bahari.

Mwaka 1844 Seyyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa. Meli za Marseille zikaanza kuja, na makampuni kama Vidal na Rabaud yakafungua nyumba zao Unguja. Walitaka nini? Sio karafuu hasa, na pembe za ndovu Wamarekani walikuwa wameshazikalia. Walitaka ufuta kutoka Lamu na Mrima, na baadaye mbata, zile nazi zilizokaushwa. Walitaka mafuta ya kupikia sabuni.

Marseille ulikuwa mji wa sabuni. Mwaka 1688 mfalme Louis wa 14 alitoa amri kwamba sabuni ya huko ipikwe kwa mafuta ya zeituni matupu. Zeituni zikawa hazitoshi, na majivu pia yakawa hayatoshi. Mwaka 1791 daktari mmoja, Nicolas Leblanc, akapata hati ya ugunduzi wake wa kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Mapinduzi yakamnyang'anya kiwanda, mwaka 1806 akajiua. Lakini njia yake ikabaki, na sasa magadi yakawa yanatoka kiwandani kwa matani, kwa bei ya chini. Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Chevreul, akachapisha kitabu cha kueleza mafuta yameundwa na nini, na kwa nini kila aina ya mafuta inakula magadi kwa kiasi chake. Hilo ndo jibu la mikono yangu iliyopasuka, na lilikuwa limeandikwa karibu miaka 200 kabla sijazaliwa! (Haya, sio 200 kamili, nisamehewe, nimetoka usiku.)

Ukiwa na magadi yasiyoisha, kinachokusumbua ni mafuta. Ndo maana walikuja kwetu. Ufuta wa Lamu na mbata za pwani zikapanda meli, zikakamuliwa kule, na mzigo ukarudi umegeuka sabuni, umefungwa kwenye karatasi, unauzwa kwa watu wale wale waliokwea minazi. Mnazi haukuhama, na mkamuaji wa mafuta hakusahau kazi. Nguvu ilihamia kwa mwenye magadi.

Mwingereza William Lever alianza Sunlight miaka ya 1880, na mwaka 1888 akaanza kujenga mji mzima wa wafanyakazi wake, Port Sunlight. Naye akaishiwa mafuta. Mwaka 1911 akafunga mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo, na mji mmoja wa huko ukaitwa Leverville. Watu walilazimishwa kukwea michikichi, kwa kodi, kwa vitisho na kwa vifungo. Mchikichi ni ule ule wa bibi. Kutoka Kigoma ukitazama ng'ambo ya ziwa unaiona Kongo, ingawa mashamba yenyewe yalikuwa mbali sana kuelekea magharibi. Hebu fikiria, mawese yale yale upande mmoja yanachemshwa kwenye chungu na maji ya maganda ya ndizi, upande wa pili mtu anaangukia kichwa kutoka kileleni ili London wapate povu.

Mwaka huo huo wa 1911 ndo Kampuni ya Magadi Soda iliundwa, reli ikajengwa Kenya mpaka ziwani. Magadi yetu nayo yakapanda meli, mengi yakiishia kwenye viwanda vya vioo. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ile Afrika Mashariki ilikuwa inasafirisha mafuta na inasafirisha magadi, na inaagiza sabuni. Sina la kuongeza hapo.

Kitu kimoja cha pembeni, kwa sababu mimi ni nesi na nimezoea kuchungulia. Ile gliserini niliyoitaja. Ukipika nyumbani inabaki ndani ya sabuni, ndo inayofanya ngozi isikauke. Kiwandani wanaitoa na kuiuza peke yake, kwa dawa na vipodozi. Wakati wa vita vya kwanza Uingereza iliitaka kwa baruti. Nyingine iko wodini kwetu, kwenye vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa kwa wenye choo kigumu. Kitu kimoja, kazi tatu.

Na kingine: mara nyingi nasikia kwenye semina kwamba daktari Semmelweis wa Vienna, mwaka 1847, aliokoa kina mama wazazi kwa sabuni. Hapana. Madaktari walikuwa wakinawa kwa sabuni na bado wanatoka mochwari wakiwa na harufu ya maiti mikononi. Aliwanawisha kwa maji ya chokaa yenye klorini, ukoo mmoja na jiki yetu. Sabuni naipenda lakini nisiipe sifa isiyo yake.

SEHEMU YA 4

Hii ni ya mama yangu, nitaipita upesi kwa sababu wengi wenu mna mama zenu wa kuwasimulia.

Baada ya Azimio la Arusha viwanda vikubwa viliingia mikononi mwa umma, na sabuni ikapikwa hapa hapa, Tanga kulikuwa na Sabuni Industries. Sabuni ilisambazwa na RTC za mikoa mpaka maduka ya ushirika. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, mwaka uliofuata ikaja vita ya Idi Amin, fedha za kigeni zikakauka. Hapo ndo utajua kiwanda cha sabuni kinaegemea nini. Mafuta unaweza kutafuta shambani, kostiki huwezi. Kostiki inanunuliwa kwa dola. Bila hiyo, kiwanda chote ni mapipa.

Mama alikuwa msichana Magomeni. Anasema foleni ilianza kupangwa usiku kwa mawe, kila mtu anaweka jiwe lake kisha anakwenda kulala. Ukifika dirishani unapewa kipande cha mche kilichokatwa kwa uzi, ukiwa na bahati. Mwaka 1983 Sokoine alipowafuata walanguzi, watu wenye mali za kuficha walizitupa usiku kwa woga, na kuna walioamka wakakuta sabuni mitaroni. Siku nyingine zote walifulia majani ya mpapai. Unayaponda kwenye maji, yanatoa povu kidogo, yanatoa na uchafu kiasi. Shati jeupe linaanza kuwa na rangi ya kijani. Mama mpaka leo hapandi mpapai uani kwake, anasema ameuona wa kutosha.

Mwaka 1984 alipanda treni kwenda Kigoma kumwona mama yake, akakuta mama yake ana sabuni. Nyeusi nyeusi, imefungwa kwenye majani ya mgomba, ina harufu ya moshi. Alirudi nayo Dar kapu zima, na anasema majirani wa Magomeni waliokuwa wanacheka Waha walikuja mmoja mmoja na kibakuli.

Bidhaa ziliporudi madukani, kuanzia bajeti ya mwaka huo na zaidi enzi ya Mzee Mwinyi, sabuni ya bibi ikaisha hadhi. Hakuna aliyetaka kuchoma maganda wakati Lux ipo. Mama hakujifunza. Ndo maana mimi nilianzia kwenye WhatsApp.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa inafundisha watu kupika sabuni, na bado inafundisha. Kigoma vikundi vya mawese, Arusha watu wa KAKUTE walifundisha sabuni ya mbono kaburi, Paje kina mama wa mwani wanatia unga wa mwani kwenye sabuni. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, unauzwa nje kwa bei ya kuumiza, na kipande kimoja cha sabuni kinamlipa mama vizuri zaidi kuliko mwani mkavu kwenye gunia. Mbata tena hiyo, ila safari hii wamestuka.

Kisha kukaja kipindupindu cha Agosti 2015, kilichoanzia hapa Kinondoni, na mimi bado mgeni kazini. Kisha 2020 korona, kibuyu chirizi kila mlango, na kila mtaa mtu anauza sabuni ya maji kwenye chupa za maji ya kunywa. Ile ya maji kwa kemia sio sabuni, inatoka kwenye salfoniki, lakini sio neno. Neno ni zile chupa. Kumbukeni hizo chupa.

SEHEMU YA 5

Nimekaa na sehemu hii siku nne. Dada yangu ameruhusu niiandike.

Kostiki ya leo haitengenezwi kwa njia ya Leblanc tena. Wanapitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Chumvi tunayo, mashamba ya chumvi ya Kunduchi mnayapita mkienda mjini, ila kostiki yenyewe kwa sehemu kubwa inatoka nje, kwenye mifuko ya kilo 25, vipande vyeupe kama nazi iliyokunwa. Wauzaji wanaipunguza kwenye vifuko vya nailoni, nusu kilo, robo. Hakuna maandishi juu. Unabeba kwenye pochi na nyanya.

Wakufunzi wengi wanasema uiyeyushe kwenye maji ulale nayo usiku, ipoe, kesho upike. Nilifanya hivyo Jumamosi. Jumapili asubuhi nikapika, ikabaki kama nusu lita. Kutupa niliona hasara. Nikaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikafunga kizibo, nikaiweka kona ya jikoni nyuma ya mlango, chini. Mimi. Nesi. Nimeshika dripu ya watoto waliokunywa vitu hivyo. Nimewaona wanaorudi kila baada ya wiki kadhaa kupanuliwa koo kwa sababu kovu limeziba njia ya chakula, mtoto ana miaka sita na anakunywa uji tu.

Mchana dada akaja kutoka Mbagala na mwanawe wa miaka minne. Jua lile, safari ile, mtoto ana kiu. Aliona chupa ya maji.

Alipiga funda moja akatema. Sauti yake sitaielezea. Midomo iliwaka wekundu kisha ikawa meupe meupe na kuteleza, na mate yanamtoka mfululizo. Dada akakimbilia ndimu. Jirani akaja na maziwa na mafuta ya kula, anasema mtapishe, mtapishe. Nilimpokonya dada ndimu mkononi kwa nguvu mpaka akaanguka. Nilimsukutua mtoto mdomo kwa maji, nikamwosha kidevu na kifua, nikachukua ile chupa yenyewe kwenye mfuko, tukapanda bajaji.

Naandika hapa kama ninavyowaambia kina mama wodini. Mtoto akinywa kostiki usimtapishe, maana ikipanda inaunguza mara ya pili. Usimpe ndimu wala siki kwa kudhani ukali utaua ukali, joto lake linaongeza jeraha. Sukutua mdomo, osha ngozi, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uende na chupa, hata kama anaonekana hana neno. Koo linaweza kuungua mdomo ukiwa mzima. Ikimwagikia ngozi au jicho, maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa, sio kukisia.

Alilazwa siku tisa. Walimpima koo kwa kamera, limeungua juu juu, halikuziba. Ulimi ulipona. Mdomo wa chini upande wa kushoto una alama. Dada hakunisemesha kuanzia siku hiyo mpaka mwezi wa nane, na mimi sikumpigia kumwomba aniseme, ningemwambia nini.

Miezi ile ndo nilisoma yote haya niliyowaandikia. Na kitu kimoja kilinikaa. Maji ya bibi nayo yaliunguza, msidanganyike na neno asili. Lakini yalikuwa ya rangi ya chai, yananuka majivu, yamekaa kwenye chungu ambacho kila mtoto wa nyumba ile alijua ni cha nini. Hakuna ambaye angeyadhania ya kunywa. Kostiki ni kali kupita maji ya bibi kwa mbali, imetengenezwa kwa ajili ya kiwanda, kwa watu wenye buti na miwani na mzani. Imetufikia jikoni bila buti, bila miwani, bila mzani, bila hata karatasi yenye jina. Na ikiyeyuka inakuwa nyeupe safi kama maji ya Ruvu siku ya bahati. Mikutano ya ujasiriamali inafundisha fomula na namna ya kupata wateja. Chupa ya kuhifadhia haimo kwenye somo.

Sasa fomula mliyoniomba. Nunua mzani wa jikoni kwanza, bila mzani acha. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inakula kostiki takriban gramu 180, mawese 140 hivi, alizeti 135 hivi. Mnaona ile fomula ya vikombe ilivyoniunguza: ilikuwa ya nazi, nikaipikia alizeti. Mimi kwa kilo 1 ya nazi naweka gramu 170, mafuta kidogo yabaki, na maji gramu 380. Kostiki inaingia kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Ndoo ya plastiki ngumu, mwiko wa mbao au plastiki, glavu ndefu, miwani, nje penye upepo, watoto hawapo nyumbani kabisa, sio "wanacheza uani". Yeyusha kiasi unachopika siku hiyo na umalize chote. Kikipoa tia kwenye mafuta, koroga mpaka kiwe kizito kama uji wa mgonjwa, mimina kwenye boksi. Kesho kutwa kata, kisha subiri wiki nne mpaka sita.

Ile ya nazi inatoa povu kwenye maji ya kisima chetu. Nilipoona sikuamini, nikamwita jirani. Kumbe mabaharia wa zamani walifulia sabuni ya nazi kwa maji ya bahari, ni kati ya mafuta machache yanayokubali chumvi kiasi hicho. Minazi imesimama Bunju muda wote huo na sisi tunasugua mche kwenye maji ya chumvi.

Kostiki yangu sasa iko kwenye kopo lake la asili lenye jina, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, juu ya kabati chumbani kwangu. Dada alikuja Pasaka na mtoto. Alipofika jikoni alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona nyuma ya mlango akachungulia. Kuna kapu la viatu. Akaniuliza, "Mama mdogo, yale maji umeyapeleka wapi?"